Rangi Inayouliza

Kati ya kazi zote zinazofanywa kwenye lahajedwali, ninayopenda zaidi kuitazama ikifanywa na mjuzi ni hii ya kuiamuru rangi iwake penye maingizo yaliyojirudia. Kwa juujuu ni kazi ya dakika moja. Unachagua safu, unafungua menyu ya Home kwenye Excel, unabonyeza Conditional Formatting, unapitia Highlight Cells Rules mpaka Duplicate Values, na papo hapo kila kisanduku chenye mwenzake kinapata wekundu hafifu na maandishi ya wekundu ulioiva. Wengi huishia hapo, na kwa orodha ya wageni wa harusi inatosha kabisa. Lakini mpe karani mzoefu orodha ya watu elfu mbili ambao malipo yao yanategemea usahihi wake, kisha kaa pembeni umtazame. Kitufe kile kwake ni mwanzo tu.

Chukua karani wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS kama kila mtu anavyokiita, katika ukanda wa korosho. Tuseme Newala au Nachingwea. Tangu mwaka 2007 korosho ya Tanzania inauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapima mzigo wake kwenye chama, mzigo unakwenda ghalani, unanadiwa, na fedha zinarudi kwa mkulima kupitia akaunti yake. Minada hufunguliwa Oktoba. Kabla ya hapo karani anatakiwa awe na rejesta iliyonyooka, na rejesta hiyo inamfikia vipande vipande kutoka vijijini, kwenye kaunta buku zilizoandikwa na mikono tofauti: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), akaunti ya benki, idadi ya mikorosho. Mstari mmoja ni mtu mmoja na msimu wake mzima. Mtu akiandikwa mara mbili, salfa ya kupulizia inaweza kutoka mara mbili kwa nyumba moja na nyumba nyingine ikakosa. Na mistari miwili ya watu wawili ikidhaniwa ni ya mtu mmoja, kuna mkulima atakayefika kwenye chama na kuambiwa hayumo.

Chombo anachotumia kina historia fupi inayofaa kukumbukwa. Lahajedwali ya kwanza kuenea kwenye kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, iliyotoka mwaka 1979 kwa ajili ya Apple II. Excel ilifuata mwaka 1985, kwanza kwenye Macintosh. Uumbizaji wa masharti, yaani kuiambia kompyuta ibadili sura ya kisanduku pale sharti fulani linapotimia, ulikuja na Excel 97, tena kwa kipimo: masharti matatu tu kwa kisanduku. Kwa miaka kumi iliyofuata, aliyetaka kuona marudio alilazimika kuandika fomula yake mwenyewe. Ndipo likaja toleo la 2007, lililoondoa kikomo cha masharti matatu, likapanua karatasi kutoka mistari 65,536 hadi 1,048,576, na kuleta kanuni ya marudio iliyo tayari kubonyezwa.

Toleo hilohilo lilileta kitufe cha pili, Remove Duplicates, na hapo ndipo unapomtambua fundi. Kitufe hiki hufuta. Kinaacha mstari wa kwanza, kinaondoa inayofuata, kisha kinakuambia imeondoka mingapi na imebaki mingapi. Hakikuambii ni ipi. Rangi haiondoi kitu. Inaweka alama na kumwachia mtu uamuzi, kama fundi nguo anavyopiga chaki kwenye kitambaa kabla hajagusa mkasi. Karani ninayemsifu hapa hafuti mstari wowote mpaka ajue kwa nini ulikuja. Ukimuuliza kwa nini asimalize kazi mapema, atakuonyesha mistari miwili iliyowaka na kukuuliza: hawa unawajua?

Kwa hiyo swali lake la kwanza si mahali pa kubonyeza. Anajiuliza vitu viwili vikifanana vipi ndipo viitwe kimoja. Mashine ina jibu lake tayari, nalo ni jibu gumu kwa namna ya ajabu: inapuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo SAIDI na Saidi ni kitu kimoja, lakini nafasi moja isiyoonekana mwishoni mwa jina inatosha kumfanya mtu kuwa wawili. Orodha zilizochapwa haraka zimejaa nafasi hizo. Karani anaanza kwa kuzisafisha kwa TRIM, inayokata nafasi za mwanzo na mwisho na kuacha moja tu kati ya neno na neno. Kama orodha ilinakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa intaneti, anajua pia kwamba kuna nafasi ya aina nyingine, yenye msimbo 160, ambayo TRIM haiigusi. Hiyo anaifuata peke yake kwa SUBSTITUTE na CHAR(160). Ukimtazama kwa mbali utadhani hajaanza kazi.

Kisha simu. Namba moja ya Tanzania inaweza kuandikwa kwa kuanza na sifuri, kwa kuanza na 255, kwa alama ya kujumlisha mbele, kwa nafasi katikati au kwa vistari. Kwa mashine, ile ya sifuri na ile ya 255 ni namba mbili zisizojuana. Karani haanzi kuzirekebisha mkono kwa mkono. Anajua kwamba chochote kilicho mbele, tarakimu tisa za mwisho ndizo zenye mtu, kwa hiyo anafungua safu ya msaada pembeni na kuandika:

=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(D2," ",""),"-",""),9)

Safu ya asili haiguswi. Kilichoandikwa na katibu wa kijiji kinabaki kama kilivyoandikwa, maana huenda kesho akahitaji kurudi kwenye kaunta buku ileile na kukitafuta kwa sura yake ya kwanza. Ninaiheshimu sana tabia hii ya kufanya kazi pembeni ya chanzo bila kukichafua.

Namba ya NIDA ndiyo inayoonyesha nani anaijua kazi. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiichapa namba ya NIDA bila vistari kwenye kisanduku cha kawaida, tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi tena. Kwa hiyo safu lazima itangazwe kuwa ya maandishi kabla ya kuchapwa tarakimu ya kwanza. Hilo wengi wanalijua. Wachache ndio wanaojua kwamba hatari inaendelea hata baada ya hapo. COUNTIF, fomula ambayo watu wote huitumia kuhesabu marudio, ikikutana na maandishi yanayofanana na namba huyageuza kuwa namba kwanza, na hapo tarakimu za baada ya 15 zinapotea machoni pake. Watu wawili waliozaliwa siku moja, ambao namba zao zinafanana mpaka ya 15, wanawaka rangi kana kwamba ni mmoja. Tofauti yao yote iko katika zile tano za mwisho, na ndizo zisizosomwa. Karani mzoefu anaiacha COUNTIF kwenye safu hii na kulinganisha maandishi kwa maandishi:

=AND($E2<>"",SUMPRODUCT(--($E$2:$E$2001=$E2))>1)

Kile kipande cha mwanzo kinasema kisanduku kisiwe kitupu. Bila hicho, wote wasio na namba bado wangewaka pamoja, kwa kuwa utupu unafanana na utupu.

Alama za dola zinahitaji kutazamwa taratibu, kwa sababu mkono wa fundi unaonekana hapo kuliko mahali pengine. Dola mbele ya E inaishikilia safu isihame. Kukosekana kwa dola mbele ya 2 kunauacha mstari ushuke. Ndiyo maana kanuni moja, iliyoandikwa mara moja, inaweza kupaka mstari mzima kuanzia A mpaka H huku ikichungulia E peke yake. Fomula huandikwa kwa macho ya kisanduku cha kwanza cha eneo lililochaguliwa. Ukichagua eneo kuanzia mstari wa vichwa vya safu lakini fomula yako ikataja mstari wa 2, kila rangi inapanda mstari mmoja juu, na anayetiliwa shaka ni jirani asiye na habari. Mjuzi huhakiki jambo hili kabla ya yote: anatafuta jozi moja anayoijua kwa hakika, na kutazama kama imewaka hiyo au ya juu yake.

Kuna namna nyingine ya kuipanga dola ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote, hapa kwenye safu ya H tutakayoifikia punde:

=COUNTIF($H$2:$H2,$H2)>1

Eneo linaanza mahali palepale lakini linarefuka kadiri unavyoshuka, kwa hiyo kila mstari unaulizwa kuhusu waliotangulia tu. Wa kwanza anabaki mweupe. Wa pili na wa tatu wanawaka. Karani huitumia anapotaka kujua nani alikuja baadaye na kutoka daftari lipi. Anapotaka kuwaweka wahusika wote mezani pamoja, anarudi kwenye ile inayohesabu orodha nzima.

Majina ndiyo yanayotaka subira kuliko vyote. Hakuna kitufe kitakachokuambia kwamba Mohamed, Mohamedi na Muhammad wanaweza kuwa mzee mmoja aliyeandikwa na makatibu watatu. Vivyo hivyo Fatma na Fatuma, Said na Saidi, Khamis na Hamisi, Abdalah na Abdallah. Lakini mwenye sikio la Kiswahili anajua tofauti hizi zinakaa wapi: kwenye irabu, kwenye herufi iliyokazwa, na kwenye kh iliyolainika kuwa h. Basi anajenga safu nyingine, SUBSTITUTE ndani ya SUBSTITUTE ndani ya SUBSTITUTE. Herufi zote zishuke ziwe ndogo; kh iwe h; herufi zilizoandikwa mara mbili ziwe moja; kisha a, e, i, o na u ziondolewe. Wale wakina Mohamed watatu wote wanabaki mhmd. Fatma na Fatuma wanabaki ftm. Khamis na Hamisi wanabaki hms. Hakuna mtengenezaji wa programu wa ng'ambo aliyeifikiria kanuni hii kwa ajili yetu, na ninaitazama kama kazi ya kiisimu iliyofanywa na mtu ambaye hajawahi kuitwa mwanaisimu.

Hakika, konsonanti zikibaki peke yake zinakusanya kupita kiasi. Salum, Salim na Salma wote wanakuwa slm. Saidi anakutana na Saada na Sudi. Karani analijua hilo, kwa hiyo haiamini safu hii ikiwa peke yake. Anaunganisha konsonanti za jina kamili na zile tarakimu tisa za simu, anaweka alama ya mkato katikati, na kupata ufunguo mmoja kwa kila mtu kwenye safu ya H. Ufunguo huo ndio unaotazamwa na rangi. Hata hapo anatofautisha uzito wa shaka: namba ya NIDA ikijirudia, mstari unapata rangi ya chungwa, ufunguo wa jina na simu ukijirudia, unapata manjano hafifu. Wapo wanaoongeza kanuni ya tarehe ya kuzaliwa na jina la baba, ingawa hiyo huwasha mapacha wote, kila Kurwa na Doto wa wilaya. Nyekundu karani wetu haitumii, maana nyekundu kwenye jina la mtu inasomeka kama kosa na hapa bado hakuna aliyekosa. Kijani na nyekundu kwa pamoja pia haziweki, kwa kuwa wapo wasiozitofautisha. Na kwa vile orodha itachapishwa nyeusi na nyeupe na kubandikwa ukutani, ambako rangi zote zinakuwa kijivu, pembeni anaweka safu yenye neno moja: HAKIKI.

Ukubwa nao una adabu yake. Kila mstari unalinganishwa na mistari yote, kwa hiyo mistari 2,000 ni ulinganisho 4,000,000, na mistari 20,000 ni 400,000,000. Hii ni sababu nyingine ya kuandaa ufunguo mara moja kwenye safu yake badala ya kuirundika hesabu yote ndani ya kanuni ya rangi. Unakili nao una adabu yake. Ukinakili visanduku na kuvibandika, kanuni zao zinahama navyo, na baada ya wiki chache kanuni moja inakuwa vipande kumi na tano vinavyogombania maeneo. Karani hubandika thamani tupu, bila umbizo, na mara kwa mara hufungua orodha ya kanuni na kuziunganisha zilizopasuka. Wanaotumia Google Sheets hawana kanuni ya rangi iliyo tayari kwa marudio na huandika fomula tangu mwanzo. LibreOffice Calc inayo. Dola na macho ya kisanduku cha kwanza ni yaleyale kote.

Kwenye jedwali la mizani, msimu ukishaanza, maana ya kufanana inabadilika tena. Jina la mkulima kujirudia huko ni jambo la heri: ameleta mzigo mara ya pili. Jina, tarehe na kilo kufanana pia si kosa, kwa kuwa mtu anaweza kuleta magunia mawili yenye uzito mmoja asubuhi na jioni. Kisichoruhusiwa kujirudia ni namba ya stakabadhi, na hata hiyo ni ndani ya kitabu kimoja tu, maana vituo viwili vya kupimia vinaweza kuwa na vitabu vinavyoanza na namba moja. Hapo COUNTIFS, inayohesabu kwa masharti mawili kwa pamoja, inatazama kitabu na namba. Mtu aichukuaye kanuni ya rejesta na kuihamishia huku angewasha nusu ya chama.

Kikomo cha kazi hii kinajulikana na mafundi wenyewe kuliko wanaowaajiri. Rangi huona marudio tu. Mwaka 2016, serikali ya Tanzania ilipotangaza kuwa imeondoa wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara, watu wengi waliuliza kompyuta zilikuwa wapi. Jina la uongo lililoandikwa mara moja, kwa unadhifu, haliwaki. Linahitaji mtu wa kwenda kumtafuta mwenye jina.

Na hicho ndicho anachofanya karani wetu na waliowaka. Anachuja kwa rangi, anapanga kwa ufunguo ili wanaofanana wakae jirani, kisha anachukua simu. "Shikamoo mzee, napiga kutoka chama. Kuna Salum Hamisi na Salma Hamisi, wote wametumia namba hii. Ni mtu mmoja au wawili?" Mzee anacheka: ni watoto wa marehemu kaka yake, kila mmoja ana shamba lake, simu ni ya kwake yeye kwa sababu ndiye mwenye chaji. Kuna jozi nyingine ambapo jibu linakuwa kinyume: mama mmoja aliandikishwa kijijini kwao na tena kwa mumewe, mikorosho ileile ikahesabiwa mara mbili. Kila jibu linaandikwa kwenye karatasi ya pili ya faili, iitwayo Majibu: ufunguo kwenye safu A, idadi ya watu waliothibitishwa kwenye safu B, na mbele yake nani aliulizwa na tarehe.

Karatasi hiyo si kumbukumbu tu. Tangu Excel 2010 kanuni ya rangi inaweza kusoma karatasi nyingine ya faili, na karani anaitumia nafasi hiyo:

=COUNTIF($H$2:$H$2001,$H2)>MAX(1,SUMIF(Majibu!$A:$A,$H2,Majibu!$B:$B))

Isome polepole. Upande wa kushoto unahesabu wangapi wana ufunguo huu kwenye rejesta. Upande wa kulia unauliza wangapi wamekwisha kuthibitishwa, na kama hakuna jibu bado, unaruhusu mmoja. Salum na Salma wameandikwa wawili kwenye Majibu, kwa hiyo wawili wakionekana manjano inazimika, na hakuna atakayempigia tena mzee yule kumuuliza jambo alilokwisha kulijibu. Msimu ujao akiletwa Salimu Hamisi kwa simu ileile, hesabu inakuwa tatu dhidi ya mbili, mistari yote mitatu inawaka, na karani aliyepo, awe huyu au aliyempokea ofisi, anajua kwamba wawili tayari wana majibu na anayepaswa kuulizwa ni mmoja.